Namba Ishirini na Nne

Gundi ya unga wa ngano ikishinda siku nzima kwenye joto la Dodoma huanza kunuka kama maziwa yaliyoharibika. Harufu hiyo ndiyo iliyonipokea mlangoni mwa ofisi ya walimu, wiki tuliyokuwa tunaandaa mchezo wa maswali kwa wanafunzi wetu. Mwalimu mwenzangu, kijana wa somo la kompyuta, alikuwa amechapa zile karatasi za QR, vimraba vyeusi na vyeupe ambavyo macho ya binadamu hayawezi kuvisoma, na selotepu ilipomwishia akaenda jikoni kwa mpishi wa shule akapika gundi. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Wanafunzi wagawanywe makundi, kila kundi lipewe simu, waielekeze kwenye karatasi, swali litokee, na jibu liwapeleke kwenye karatasi nyingine mpaka waifikie zawadi. Ugomvi ulianza aliposema uwanja wa shule ni mdogo mno, kwa hiyo karatasi nyingine atazibandika kwenye kuta na mageti ya majirani.

Nikamwambia hapana, zote zibaki ndani ya uzio. Akasema, "Lakini Madam, ni karatasi tu." Nikasema upepo utazipeperusha. Alinitazama kwa ile heshima wanayotupa vijana wakishaamua kwamba tumepitwa na wakati, akaondoka na kopo lake la gundi. Upepo haukuwa sababu, na yeye hakuwa na kosa lolote. Ila mimi siwezi kuona mwalimu anatia alama kwenye ukuta wa mtu nikakaa kimya.

Nililelewa na Bibi, mama yake baba, kijijini upande wa Mvumi. Wazazi wangu walikuwa mjini wanauza mitumba. Ilikuwa miaka ile ruhusa ya biashara ilipotoka, kila mwenye turubai akawa na duka na kila mwenye lori akawa mfanyabiashara, na watu wengi wa umri wa wazazi wangu waliondoka kijijini wakaacha watoto kwa bibi zao. Waliniambia nimekaa pale ili Bibi asiwe mpweke. Nilijiona nina kazi kubwa. Tulikuwa wawili tu kwenye tembe lile, nyumba ndefu ya fito na udongo yenye paa la bapa, na mbuzi wachache zizini, na ndani, pembeni ya jiko, kilindo kikubwa cha magome ya mti ambamo Bibi alihifadhi mtama wa mwaka mzima. Kilindo hicho kilikuwa kirefu kunizidi. Mwaka ninaousimulia hakikujaa, maana mvua ilikuwa imekatika mapema, na Bibi alipokuwa akichota alikwangua juujuu kwa kibuyu kidogo kuliko cha mwaka uliotangulia.

Bibi alisema Kigogo. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya wageni, akakitumia kwa uchache, kama sukari. Hakuwa mtu wa kukumbatia wala kusifu, lakini jioni tukila mlenda na ugali alinisukumia upande wenye mlenda mwingi, na mimi nilijua maana yake. Nilikuwa na hakika kwamba duniani hakuna mtu aliyenijua kama yeye, na kwamba yeye naye hakuwa na siri kwangu.

Mwalimu Elisante aliletwa shuleni kwetu akiwa ametoka tu chuoni. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, na alifanya kosa la kutupenda. Darasani tulikaa kwenye matofali, vitabu vilikuwa kimoja kwa watoto wengi, na kila muhula wazazi waliambiwa wachangie kitu kingine kipya. Mwalimu aliona tunasinzia. Siku moja akatuambia kwamba tutafanya Safari ya Maswali. Kijiji kizima kitakuwa darasa. Kila nyumba itaandikwa namba, na kila swali jibu lake litakuwa namba. Ukiulizwa Dodoma ina herufi ngapi, unakimbilia nyumba namba sita, unatafuta kopo lililofichwa hapo, ndani yake kuna swali jingine. Mwisho wa safari kuna hazina, raba mpya kabisa, ambazo mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anakuja kununua alizeti amekubali kutoa, na siku hiyo atakuja mwenyewe na lori lake kuzikabidhi. Katika darasa letu waliokuwa na viatu walihesabika. Hatukulala.

Kwanza alibandika karatasi kwa gundi ya unga. Asubuhi kuku walikuwa wamezila nusu na upepo umechukua zilizobaki. Ndipo akakumbuka rangi nyekundu iliyosalia baada ya milango ya shule kupakwa. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, na mwenyekiti, kwa kutaka kumsaidia, akatangaza kwenye mkutano kwamba nyumba zitaandikwa namba, kwamba ni agizo, na kwamba mtu yeyote asithubutu kufuta. Nilikuwepo. Mwenyekiti alitaja neno "shule" mara moja na neno "kufuta" mara nyingi.

Mwalimu alipofika kwetu na kopo la rangi, nilikuwa pembeni yake nimeshika fimbo ya kukorogea, nimevimba kwa fahari.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba, baba," Bibi akajibu.

"Naomba niandike hapa ukutani kidogo."

Bibi akasogea pembeni. Mwalimu akaandika 24, kubwa, nyekundu, na rangi ikatiririka kidogo chini ya ile 4. Bibi hakuuliza chochote. Alitazama mkono wa Mwalimu tu, kisha akaingia ndani. Mimi nilifikiri amefurahi. Namba yetu ilikuwa saa za siku moja, swali rahisi, kila mtoto angelijua, kwa hiyo kila mtoto angekuja nyumbani kwetu.

Kijiji kikabadilika baada ya hapo, na mimi niliyaona mabadiliko hayo yote na kuyasoma vibaya. Mzee jirani yetu aling'oa mlango wake wa mbao, mlango pekee wa mbao upande wetu, akaupandisha juu ya paa na kuufunika kwa majani. Nikadhani anautengeneza. Mama mmoja alichinja mbuzi wa maziwa, akakausha nyama hata kabla ya sikukuu yoyote. Nikadhani wanangoja mgeni. Watu wazima walikuwa wakiongea kisimani, na sisi wa shule tukifika na ndoo zetu wananyamaza, wanatusalimia vizuri kupita kawaida. Nikadhani wanatuheshimu kwa sababu ya Safari ya Maswali.

Na Bibi akaanza kuficha vitu. Nilirudi kutoka shule nikakuta chungu kikubwa hakipo. Kesho yake jembe la akiba. Kisha nikaona mtama wa kilindoni umeshuka, umeshuka sana, na nyuma ya nyumba, karibu na zizi, udongo mpya umesawazishwa kwa kiganja na kutupiwa samadi juu. Nikacheka peke yangu. Bibi yangu, mtu mzima vile, alikuwa ameipenda Safari ya Maswali akaamua kutengeneza ya kwake.

Nikamfuata jikoni. "Bibi, na wewe unaficha?"

Alikuwa anachambua mboga. Mikono ikasimama. "Umeniona?"

"Nimeona udongo."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo niliichukulia kuwa ya mchezo, "Mwalimu akikuuliza bibi yako ameweka nini pale, utasema nini?"

"Nitasema sijui."

"Akikupa peremende?"

"Sijui."

"Akikuambia sema tu, bibi yako hatapata shida?"

Nilikuwa nacheka tayari. "Nitasema sijui, Bibi. Hata aniulize vipi."

"Haya," akasema. "Kacheze."

Sikumwambia mtu. Si Mwalimu, si rafiki yangu niliyekaa naye tofali moja. Niliishika siri ile kwa furaha ya mtoto aliyepewa kitu kizito akaweza kukibeba.

Siku ya Safari jua lilikuwa kali na vumbi limesimama hewani. Lori la mfanyabiashara liliingia kijijini kabla hatujaanza, likasimama kwenye uwanja wa kanisa, kibao cha nyuma kimeshushwa, ndani tupu kabisa isipokuwa kreti za soda. Mwalimu akapuliza filimbi. Tukatawanyika kwa makundi, tunapiga kelele, tunaingia uani kwa watu, tunainua vyungu, tunachungulia chini ya vinu. Nakumbuka nyumba nyingi tulizopita hatukukuta mtu mzima. Wakati huo niliona ni bahati, tunajitafutia kwa nafasi.

Swali la mwisho liliuliza siku moja ina saa ngapi, na chini yake Mwalimu alikuwa ameandika kwamba hazina iko chini, nyuma ya nyumba. Alimaanisha chini ya karai bovu lililoinamishwa pale ukutani. Kundi letu halikuwa la kwanza kufika. Tulipozunguka nyumba tukawakuta wenzetu wamepiga magoti karibu na zizi, wanafukua ule udongo mpya kwa mikono na vigae, kwa sababu waliambiwa chini na hapo ndipo palipochimbuliwa. Nikawaambia waache, hapo si penyewe. Hakuna aliyenisikia. Walishafika kwenye mfuko wa kwanza, wakauvuta, ukapasuka, na mtama wetu ukamwagika kwenye samadi. Wakashangilia. Walidhani ni sehemu ya zawadi. Kuku wakaja.

Nilipoinua macho nikamwona Bibi. Alikuwa amesimama ng'ambo ya zizi, kwenye miti ya mikungugu, na blanketi begani na kibuyu cha maji mkononi. Ananitazama mimi, niliyekuwa katikati ya wale watoto, juu ya lile shimo. Nikampungia mkono. Akageuka, akashuka korongoni.

Mwalimu Elisante alifika akihema, na mwenyekiti na yule mfanyabiashara nyuma yake. Akainua karai, akatoa raba. "Hazina ni hii hapa, jamani. Sasa hii mnayochimba ni nini? Nani anaweka chakula ardhini?"

Mwenyekiti alitazama mtama ule, na uso wake ukazeeka palepale. Alikuwa mtu wa umri wa kukumbuka. Mama jirani, yule aliyechinja mbuzi, alikuwa ametoka alikojificha; akapiga magoti akaanza kuokota punje moja moja kutoka kwenye samadi, na bila kuinua kichwa akamwambia mwenyekiti kwa Kigogo, "Na wewe ulisema tusifute."

Walimtafuta Bibi mchana huo wote. Kesho yake ndipo walipomkuta, mbali, kwenye mahame, mahali kijiji chetu kilipokuwa kabla ya watu kuhamishwa. Hapakuwa na kitu huko tena ila mawe ya mafiga na mitomoko ya porini. Alikuwa amekaa kwenye nafasi ya mlango wa nyumba yake ya zamani, kibuyu kimekauka, midomo imepasuka, na alipoona watu wanakuja alijaribu kuinuka akimbie. Walimbeba kwa blanketi lake mpaka hospitali ya misheni. Hakupona vizuri tena. Kifua kilimkaba tangu siku ile.

Baba alikuja kutoka mjini, na tukiwa tumekaa nje ya wodi, kwenye benchi, akaniambia alichokuwa hajamwambia hata mama. Alisema zamani, yeye akiwa darasa la pili, walikuja vijana wastaarabu kama Mwalimu Elisante, wanaamkia wazee, wameshika kopo la rangi. Wakaandika namba kwenye nyumba. Wakasema mtahamia karibu na barabara, mpate shule na maji. Watu wakafukia chakula, maana ilisemekana kitachukuliwa kiwekwe pamoja. Kisha kijana mmoja akaja shuleni, akakaa na watoto, akawagawia peremende, akawauliza wazazi wao wameweka wapi mtama.

"Nikasema," Baba akaniambia. "Niliona ni sifa kulijua jibu. Nikampeleka mpaka mahali penyewe."

Malori yalikuja, nyumba zikavunjwa, mtama ukapakiwa, na huko walikopelekwa hawakuuona tena. Mvua hizo Bibi alikuwa ananyonyesha, na maziwa yakakauka. Mdogo wake Baba, msichana, jina lake Eliza, alikufa kabla ya mavuno. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia kwamba kulikuwa na mtu anaitwa Eliza.

"Bibi alikuchapa?" nikamuuliza.

"Hajawahi kunigusa. Hajawahi kunilaumu hata siku moja."

Alisema hivyo akiangalia vidole vyake. Nilikuwa mdogo, nikaona ni habari njema.

Bibi aliporudishwa nyumbani, Mwalimu Elisante alikuja kuomba radhi. Alipiga magoti mlangoni, mtu mrefu vile. "Ulikuwa mchezo tu, Bibi. Wa kuwafundisha watoto. Nisamehe sana." Bibi akamjibu kwa Kiswahili chake cha wageni, "Sina neno na wewe, baba." Mwalimu akachukua jiwe akaisugua ile 24 mpaka udongo ukabanduka, akahamia nyumba nyingine, akasugua zote, siku kadhaa, peke yake, na watu wazima wakimtazama bila kumsaidia. Muhula uliofuata hakuwepo. Raba walizipata wa kundi la kwanza, wakagombana nani avae kushoto na nani kulia.

Nami nilikuwa na langu. Nilisubiri Bibi alale vizuri, apate nguvu, kisha nikamwambia, "Bibi, sikusema."

"Najua, mjukuu wangu."

"Kweli sikusema. Waliona udongo."

"Najua. Mtoto akiulizwa vizuri husema. Si kosa lake." Akanishika kichwa, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya. Nilitamani angenichapa. Ningechapwa, ningelia, ningekana, na huenda kelele zangu zingemfikia. Lakini huwezi kubishana na mtu ambaye ameshakusamehe.

Mtama ulioweza kuokotwa ulirudishwa kwenye kilindo. Baada ya muda mfupi kilindo kilikuwa tupu tena, na nyuma ya nyumba udongo ulikuwa mkavu na mgumu, haujaguswa. Sikuuliza. Kila ilipokaribia saa ya kupika, Bibi aliniambia, "Nenda kaangalie mbuzi." Mbuzi walikuwa machungani. Nilikwenda nikasimama mbele ya zizi tupu, naangalia kinyesi na nzi, mpaka aliponiita, na nikirudi nakuta mtama upo kwenye ungo, umeshapepetwa. Tukala. Bado alinisukumia upande wenye mlenda mwingi. Na kesho yake tena, nenda kaangalie mbuzi.

Baba alipokuja kutuona nilimweleza, kwa kulalamika, kwamba Bibi ananituma kuangalia mbuzi ambao hawapo.

"Kaa huko mpaka akuite," akasema. "Mimi nimesimama kwenye zizi hilo tangu nikiwa kama wewe."

Bibi alifariki kwenye mvua, miezi ile ambayo shamba limeota lakini hakuna cha kula. Watu wakaja msibani, wengi, kutoka vijiji vya mbali, wamelowa. Wanawake wakabandika maji, na maji yakachemka, na hakukuwa na unga. Kilindo kilikuwa na buibui. Baba na baba mdogo wakachukua majembe wakaanza kuchimba, nyuma ya nyumba, zizini, chini ya kichanja, kwenye matope, na waombolezaji wanawatazama. Shangazi akaniita pembeni, akanishika mabega, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unaishi naye. Tuonyeshe tu alipoweka." Nikatikisa kichwa. Aliniangalia kwa muda, na niliona hakuniamini.

Baba ndiye aliyeingia ndani mwishowe. Alisimama akazungusha macho, kisha akaenda kwenye kona yangu, akakunja ile ngozi ya ng'ombe niliyokuwa nalalia, akagonga chini kwa mpini wa jembe. Sauti ikarudi ya mahali penye uwazi chini yake. Akafukua kwa mikono. Mtama ulikuwemo kwenye vyungu, mkavu, safi, umechanganywa na majivu usiingie wadudu. Kila nilipokuwa nimesimama zizini, Bibi alikuwa anainua ngozi yangu, anachota, anafukia, anaitandika tena vilevile nilivyoiacha. Miezi yote hiyo nililala juu yake.

Wanawake wakasaga, wakasonga, watu wakala. Nami nikapewa sahani yangu, na kwa kuwa nilikuwa na njaa nilikula huku machozi yananitoka. Shangazi akanifuta kwa pembe ya khanga, akaniambia nisimlilie sana Bibi, amepumzika. Hakujua kwamba nilikuwa nalia kwa sababu Bibi hakuniamini.